Siku Waliyonilia Nikiwa Hai

Kama vidole vyako vimewahi kujikunja vyenyewe, kifua kikabana, moyo ukaenda mbio umekaa kitako, na kila aliyekupima akakwambia huna kitu, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu wa ngumbaru, kazi yangu kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na sasa ni bibi wa kulea wajukuu. Ninachokijua ni kile kilichopita mwilini mwangu, katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Handeni, na namna nilivyopona kwa dawa isiyomezwa.

Naitwa Tekla. Baba yangu alikuja Korogwe kutoka kusini akiwa manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Mimi nikaolewa na Mhando, Mzigua wa Handeni, fundi wa mashine kwenye shamba hilohilo la mkonge. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo. Wazee walinung'unika, wakala pilau, yakaisha. Mume wangu alibaki kazini Korogwe, akija nyumbani mwisho wa mwezi, nami nikapangiwa kufundisha kwao, nikaishi na mama yake.

Mama mkwe wangu aliitwa Bi Mwantumu. Hakunitukana hata siku moja, ila hakuniita mwanangu wala jina langu. Aliniita Mwalimu. "Mwalimu, maji ya kuoga tayari." "Mwalimu, chakula." Nilipojifungua binti tukampa mtoto jina lake, nikidhani sasa nitapanda cheo niwe hata mama Mwantumu. Wapi! Nikabaki Mwalimu.

Mtoto alikuwa hajaota jino tulipohamishiwa kijijini. Kule tulikotoka Bi Mwantumu aliacha makaburi mawili, ya watoto wake waliotangulia kabla ya Mhando kuzaliwa. Siku lori lilipokuja hakulia. Aling'oa figa moja katika mafiga yake matatu, akalipakata njia nzima. Nikamuuliza kwa nini anabeba jiwe, kana kwamba huko tuendako hakuna mawe. Akasema, "Mengine nitayapata huko, Mwalimu. Hili limezoea chungu changu."

Mimi sikuwa na nafasi ya kuomboleza jiwe. Ndiye niliyekuwa nawaimbisha watu nyimbo za kuhamia. Asubuhi shamba la ujamaa, alasiri darasa, jioni mkutano, na katikati mtoto wa kunyonyesha. Juu ya ubao wangu niliandika kwa herufi kubwa: MLEGEVU NI KUPE. Watu wa kwetu wamefuga ng'ombe, kupe wanamjua. Hakuna aliyetaka kuitwa hivyo, na mwalimu ndiye wa mwisho. Kwa hiyo sikukaa chini. Hata usiku nilikuwa nalala nimekunja ngumi.

Ilinianza masika ya kwanza, mbele ya darasa. Nilikuwa naandika neno "kalamu". Nilipofika mwisho nikataka kuweka chaki chini, chaki haikutoka. Vidole vimeing'ang'ania, vimenyooka na kuinama vyote kwa pamoja, midomo ina ganzi, pumzi inaingia haitoshi. Wanafunzi wangu wakangoja, wakidhani nafikiri. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akaja akanifungua kidole kimoja kimoja, taratibu, akaichukua chaki, akaiweka dirishani. "Pole, mwalimu," akasema, akarudi kukaa. Mpaka leo nakumbuka joto la mikono yake.

Zahanati wakasema malaria. Nikapigwa sindano za klorokwini, nikawashwa mwili mzima kwa siku tatu, nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Masika yakaisha, ugonjwa haukuisha. Kiangazi nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Nikakonda, gauni la kanisani likanipwaya nikalifunga kwa pini. Nywele zikabaki kwenye kitana. Taya ndiyo iliyonitesa zaidi, maana nilisaga meno usingizini mpaka nikiamka siwezi kutafuna ugali. Nikazoea kuifunga kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu na kukutana utosini. Kumbukeni kitambaa hicho, maana kilikuja kuniaibisha.

Halafu ikatokea ile ya mbeleko. Nilikuwa uani, nimeinama, mtoto yuko mgongoni, nakaza fundo la kanga kifuani. Vidole vikajikunja katikati ya fundo. Nikahisi kanga inateleza na uzito unaondoka mgongoni. Mungu ana watu wake: mtoto aliangukia lundo la maganda ya mahindi, akashtuka zaidi ya kuumia. Bi Mwantumu alimwokota, akamkagua kichwa, mikono, miguu. Hakunilaumu. Wiki ileile akampeleka Korogwe, mtaa wa Masuguru, kwa wifi yangu Amina. Akasema, "Atakaa kule mpaka upone, Mwalimu."

Hakuna aliyeniuliza. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alikaa kitandani akashika kichwa, akasema mama yake ana haki, na mimi nina haki, na yeye hajui aseme nini. Maziwa yalinijaa siku tisa, nikawa nakamulia kwenye bakuli, yakakauka. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, msomaji. Sikuwa natafuta afya kwa ajili ya afya. Nilikuwa namtaka mwanangu, na njia ya kumpata ilipita kwenye vidole hivi.

Mhando akanipeleka hospitali moja upande wa Korogwe. Wagonjwa wenzangu mnalijua benchi: unakaa mwisho, anayeitwa akiondoka mnasogea, makalio yanajua safari yote kabla yako. Kulia kwangu alikaa mama mmoja wa Kimasai aliyeleta mtoto wake anayeumwa macho. Tulikuwa hatuelewani vizuri, lakini alipoona mikono yangu inaanza kutetemeka akanipa kibuyu chake nimshikie. Nikakishika. Kumbe alijua kwamba mkono wenye kitu cha mwenzio hujitahidi. Tukakaa hivyo mpaka jina langu likaitwa.

Wakanipima moyo, damu, mkojo. Huna kitu. Nikaanza kulia pale pale, maana afadhali kuambiwa una kitu. Ndipo akaja muuguzi mtu mzima, Bi Salome, Mshambaa wa milimani juu ya Mombo, mfupi, mwenye sauti ya kubembeleza. Akanipeleka chumba cha kuhifadhia mashuka, akatandika blanketi chini.

"Lala chali."

"Shikamoo mama, mimi siumwi mgongo."

"Marahaba. Lala tu, mwanangu."

Nikalala. Akaniambia nianze na nyayo. Kunja vidole vya miguu, kaza, hesabu mpaka kumi, kisha legeza na utoe pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Ngoja. Sikiliza mguu unavyosema. Kisha panda: mashavu ya miguu, mapaja, tumbo, mikono, mabega, shingo, taya, uso. Kila mahali kaza, kisha legeza. Ukifika utosini, lala kidogo, ndipo uinuke pole pole. Mara mbili kila siku.

"Legeza?" nikauliza. Neno lenyewe lilinitia aibu, kana kwamba ameniambia nivue nguo.

"Ndiyo. Legeza."

Nikakaza vizuri sana. Kukaza nilikuwa najua. Kulegeza ndiko nilikofeli. Bi Salome akanibonyeza bega, akacheka bila kutoa sauti. "Wewe walegeza kama mtu anayekaza," akasema. "Umewahi kubeba kuni?"

"Nimebeba sana."

"Ukifika nyumbani wautuaje mzigo? Waushusha kidogo kidogo, au wauachia?"

"Nauachia."

"Haya. Tua."

Nikamkumbuka baba. Alikuwa akitoka kukata mkonge vidole vimeganda kwenye umbo la mpini wa panga. Mama humwekea maji ya moto kwenye karai, naye huketi kizingitini akikunja ngumi na kuiachia ndani ya maji, kukunja na kuachia, kabla hajaweza kushika tonge. Sisi watoto tulidhani anacheza. Nikaweka mikono ya baba kwenye mikono yangu, nikaachia. Siwezi kueleza. Mabega yangu yaligusa blanketi, na ndipo nilipotambua kwamba siku zote hata nikilala yalikuwa yako juu.

Siku ile nilipita Masuguru kumwona mwanangu. Amina alikuwa mwema kwangu, alinipikia wali na maharage. Mtoto alikuwa ameota meno mawili. Alinitazama, akageuka akamshika Amina gauni, akamwita mama. Amina akatazama chini. Nikasema haidhuru, ni mtoto tu. Haikuwa kweli.

Nikarudi kijijini nikaanza. Lakini nikafanya kosa, nawe usilifanye: nilifanya kwa siri. Nani angemwelewa mwalimu aliyeandika MLEGEVU NI KUPE akionekana amelala chali mchana kweupe? Nikawa nafanya alfajiri, na tena saa ya mapumziko ya mchana, watu wanapokula kivulini kule shambani nami nikijifanya nimekuja nyumbani kuandaa somo. Wiki za mwanzo ilikuwa kazi bure. Nikikaza mguu nawaza mahudhurio, nikilegeza nawaza mkutano. Mara mbili nilipitiwa na usingizi nikaamka na alama za mkeka shavuni. Lakini kiangazi kilipokuwa kinaisha niligundua kitu. Vidole vilipotaka kujikunja vilinipa taarifa, mchonyoto mdogo kwenye midomo. Nikishika mapema, nikakaza ngumi mwenyewe kwa kusudi kisha nikaiachia na kutoa pumzi, ugonjwa ulipita pembeni. Si mara zote. Mara tatu kati ya tano, nami niliona ni utajiri.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, mawingu ya vuli yameanza kujikusanya. Taya iliniuma, nikaifunga kitambaa changu. Nikatandika mkeka sebuleni, mlango wazi kwa ajili ya hewa, nikalala chali, miguu imenyooka na kubanana, mikono ubavuni, kanga imenifunika mpaka kidevuni kwa sababu ya nzi. Nikafumba macho, nikaanza na nyayo.

Nilikuwa kwenye mapaja niliposikia hodi. Alikuwa Balozi Rajabu, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyepita kuangalia nani kakwepa shamba. Nilimsikia. Lakini Bi Salome alinikataza kukurupuka katikati, na kusema kweli sikutaka kuinuka nianze kujieleza. Nikajisemea atapita. Akapiga hodi ya pili, ya tatu. Kisha nikamsikia anasema taratibu, "Innalillahi." Nikadhani amepata habari ya mtu.

Kumbe mtu mwenyewe ni mimi. Mwanamke amelala chali, amenyooshwa, amefunikwa, na taya imefungwa! Nyinyi mnaowatengeneza maiti mnajua. Balozi hakuona mgonjwa, aliona maiti ambayo wenyewe wameshaanza kuitengeneza. Akatoka mbio mpaka kwenye kipande cha reli ya toroli la mkonge tulichokitundika kama kengele, akakigonga kwa mlio wa msiba.

Niliisikia kengele. Nikasema loo, nani tena. Nilikuwa kwenye mabega. Kabla sijaamua kama niinuke, mtu akaingia akapiga magoti na kunishika miguu. Nikamjua kwa harufu ya moshi. Alikuwa mama mkwe.

"Tekla," akasema.

Miaka mitatu sikuwahi kusikia jina langu katika kinywa kile.

"Tekla, mwanangu, mbona umeondoka kimya kimya? Ungeniita. Nilikuwa hapo kisimani tu."

Mungu anisamehe, sikufumbua macho. Ningekuwa mtu mwema ningeruka palepale. Lakini nilikuwa nimeliliwa kwa jina, nikataka kusikia kidogo zaidi.

"Mtoto wako nilimchukua mimi," akaendelea, na sasa alikuwa analia. "Watu wanadhani nilikuogopa wewe. Sikukuogopa wewe, mwanangu. Ni mikono yangu. Tangu tuhame mikono yangu inatetemeka, usiku sipati usingizi, nawasikia wanangu kule nilikowaacha. Siku ile mtoto alipoanguka nilisimama hapo karibu na sikuweza kunyoosha mkono kumdaka. Ulikataa. Ningemlindaje? Nikasema bora akae kwa Amina, yeye ana mikono. Nikakuacha ubebe lawama peke yako. Nisamehe, Tekla."

Wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Siku ile kilio kilikuwa kimoja na kilitufichua wawili.

Nikafumbua macho. Malezi ni malezi. Nikasema kupitia kitambaa, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitika, kwa mazoea tu. Kisha ndipo akapiga ukelele uliowafikia hata waliokuwa bado njiani.

Watu walijaa uani na majembe yao, wengine wameshaanza kulia, wengine wanauliza kaburi litachimbwa upande gani, maana mimi ni Mkristo. Nikasimama mlangoni na kitambaa changu kidevuni. Mwanamke mmoja akaanguka. Balozi Rajabu akapepesa macho, akasema, "Mwalimu, uhai huu una kibali?"

Walicheka mpaka kazi ya alasiri ikaharibika. Lakini ilibidi nieleze, na nikaeleza yote: chaki, mbeleko, Korogwe, kaza na legeza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo mwalimu ndiye kupe." Nikaona aibu imenipanda shingoni. Akajibu Bi Mwantumu, aliyekuwa bado amenishika mkono kana kwamba nitakufa tena. "Jembe lenyewe mwalitua saa sita mle," akasema. "Mbona hamliiti kupe?" Kesho yake darasani nilifuta yale maandishi ya juu. Na kwa kuwa wazee wangu walikuwa wakishika kalamu kwa nguvu mpaka inavunjika ncha, tukawa tunaanza somo kwa kukaza ngumi wote pamoja na kuziachia. Balozi Rajabu alikuwa anakaza kuliko wote, na kulegeza ilimpa tabu mpaka mwisho.

Vuli ile tulilala mikeka miwili sambamba, mimi na mama. Nilimhesabia. Yeye hakukubali kuanza na nyayo. Alisema uzito wake uko mikononi, tuanzie hapo. Usiku wa mvua ya kwanza alipolegeza mikono alianza kuwataja wanawe wawili kwa majina, mmoja kisha mwingine, nami nikamsikiliza nikiwa nimelala kando yake. Asubuhi aliniambia amelala. Mikono yake haikuacha kutetemeka kabisa, wala vidole vyangu havikuacha kabisa kunitisha. Sitakudanganya kwamba hii ni dawa ya yote. Anza hospitali, upimwe kwanza. Lakini ukiambiwa huna kitu, jua kwamba unacho, na kina pa kutuliwa.

Mahindi ya vuli yalipokuwa magotini mama alisema, "Tekla, twende tukamchukue mtoto wetu." Tukapanda basi la asubuhi kwenda Korogwe. Amina alikuwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye kitambaa. Aliniambia, "Wifi, anapenda kulalia shavu la kulia," akaingia ndani haraka. Nami nikalia kwa ajili yake, maana sasa aliyeachwa kama mtu mwenye maziwa yasiyo na mnyonyaji, kama mimi zile siku tisa, alikuwa yeye.

Mtoto hakunitaka. Alilia, akajinyoosha, akawa mgumu wote. Nikainama pale barazani, mama akamweka mgongoni mwangu na kumshikilia kwa mikono yake miwili inayotetemeka. Nikaivuta kanga. Midomo ikanichonyota. Nikakunja ngumi zote mbili, nikahesabu, nikaziachia. Nikafunga fundo.

"Umekaza?" mama akauliza.

"Nimekaza."

"Legeza kidogo, apumue."

Nikalegeza kidogo. Tukatembea kuelekea stendi, yeye nyuma yangu, mkono wake chini ya mtoto ingawa hapakuwa na haja. Mtoto alikuwa amekakamaa mgongoni kwangu. Tulipokuwa karibu na reli nilihisi nyayo zake zimeacha kunipiga ubavuni. Kisha miguu ikaning'inia. Kisha tumbo likanilalia. Mikono ikashuka, mabega, shingo, na mwishoni shavu la kulia likatua mgongoni kwangu, zito, lenye joto. Sikumfundisha mimi.